Upige mpaka misuli igome, au ushushe chuma ukiwa na akiba?

Dogo mmoja ninayepiga naye chuma hapa Mwanga, Kigoma, alinifata jioni moja mwezi uliopita, ndo kwanza kaamka maana usiku kucha alikuwa ziwani, akaniambia "Kaka, mimi kila seti napiga mpaka mkono unakataa kabisa, huu mwezi wa tatu na kifua ni kile kile, tatizo nini?" Pembeni kwenye tofali alikuwa kakaa mwenzake, wanalingana umri, huyo yeye hajawahi kugoma hata siku moja, akifika kumi anashusha, uso mkavu, pumzi zimetulia, anasema ukijiumiza sana misuli inajila yenyewe. Na yeye miezi mitatu hajaongezeka kitu. Yaani watu wawili, njia mbili zinazopingana, matokeo yale yale, na kila mmoja ana video kwenye simu inayomwambia yuko sahihi. Niliwaambia wakae chini tuongee, na yale tuliyoongea ndo nayaandika hapa kwa urefu maana naona vijana wengi wanapoteza muda na miili yao kwenye hili jambo moja.

Kwanza tuelewane maneno. Seti ni zile mara unazonyanyua mfululizo kabla ya kupumzika. Na kugoma ni nini, maana watu wanatumia neno moja kwa vitu tofauti. Kugoma ninakokusema mimi ni pale unaposukuma kwa nguvu zako zote, huku umbo la zoezi bado liko sawa, na chuma hakipandi, kimesimama katikati ya njia. Kuna mwingine anasema kagoma kumbe kaanza kuungua tu, misuli inachoma kama imetiwa pilipili, roho ikamwambia acha. Hiyo sio kugoma, hayo ni maumivu, na ukiwa na chuma chepesi yanakuja mapema sana wakati misuli bado ina uwezo wa kunyanyua tano au hata kumi zingine. Kuna na yule anayeendelea kupandisha kwa kupinda mgongo na kurusha kiuno, ya mwisho inapanda ila iliyofanya kazi sio misuli aliyokuja kuifanyisha mazoezi, huyo alishagoma zamani ila hajakubali.

Hili wazo la kupiga mpaka mwisho lina historia yake. Arthur Jones, yule Mmarekani aliyetengeneza mashine za Nautilus, miaka ya 1970 alikuwa anahubiri kwamba seti moja tu ukiipiga mpaka misuli igome inatosha, huna haja ya kushinda jimu. Baada yake mjenga mwili Mike Mentzer akalibeba akaliongezea ukali. Likasambaa dunia nzima mpaka likafika kwenye vijiwe vyetu, ila lilipofika huku likawa limebadilika, ile "seti moja inatosha" imesahaulika ikabaki "mpaka kieleweke", kwa hiyo unakuta kijana anapiga seti kumi na mbili za kifua na zote kagoma. Hata Jones mwenyewe hakusema hivyo.

Sasa kwa nini kukaribia kugoma kuna faida, hapa inabidi tuingie ndani ya misuli kidogo. Msuli mmoja una maelfu ya nyuzi, na hizo nyuzi zimegawanywa kwenye makundi, kila kundi lina mshipa wake wa fahamu unaoliamrisha. Kuanzia mwaka 1957 mtafiti Elwood Henneman alionyesha kwamba makundi haya hayaitwi ovyo ovyo, yanaitwa kwa mpangilio, yale madogo yasiyochoka haraka yanaanza, makubwa yenye nguvu nyingi yanaitwa mwishoni kabisa kazi ikiwa nzito. Mimi huwa nawaelezea kwa boti. Boti ndogo ikifika mwaloni Kibirizi, watoto wawili watatu waliopo karibu wanaivuta mchangani yenyewe, wale mabaunsa waliolala kivulini hakuna anayewaamsha. Ikija boti kubwa imejaa mzigo, hapo wanaamshwa wote toka mwanzo. Na kuna hali ya tatu, boti ya kawaida tu ila wale watoto wameshavuta nyingi wamechoka, imekwama, hapo tena mabaunsa wataamshwa japo boti yenyewe sio kubwa.

Hizo nyuzi kubwa ndo zenye nafasi kubwa ya kunenepa, na kinachozinenepesha ni mvutano, yaani kila uzi ubebe mzigo mzito wenyewe huku unajikunja taratibu. Ndo maana zile za mwisho, chuma kikianza kupanda polepole bila wewe kutaka, zina thamani. Ukibeba chuma kizito, ambacho uwezo wako ni mara tano au nane tu, mabaunsa wako kazini toka ya kwanza. Ukibeba chepesi, mara ishirini za mwanzo ni watoto ndo wanavuta, na kama unashusha kabla wakubwa hawajaamshwa basi umetoka jasho tu.

Na hili limepimwa. Kuna utafiti wa Lasevicius na wenzake ulichapishwa 2022, walichukua wanaume 25 ambao hawakuwa wazoefu wa chuma, wiki 8, mguu mmoja unapigishwa mpaka kugoma na mwingine unaachwa kabla, baadhi kwa uzito wa asilimia 80 ya ule wa juu kabisa ambao mtu anaweza kuunyanyua mara moja, wengine kwa asilimia 30. Kwenye uzito mkubwa paja liliongezeka karibu asilimia 8 ikiwa umegoma au hujagoma, hakuna tofauti. Kwenye uzito mdogo waliogoma nao walipata karibu 8, ila wasiogoma hawakufika hata 3. Soma tena hapo taratibu, maana jibu la yule dogo wa kwenye tofali liko hapo.

Vyuma vyetu hapa kijiweni ni vya zege. Kopo la rangi la lita 4 ukilijaza zege linakaribia kilo 10, ndoo ya lita 10 inakwenda kilo 24, ya lita 20 inakaribia 48, unachomeka bomba la chuma katikati unaacha likauke siku kadhaa, biashara imeisha. Ni vyuma vizuri na bei yake kila mtu anaimudu, ila vina shida moja, huwezi kuongeza kilo mbili na nusu kama kwenye jimu za mjini, kutoka kwenye makopo unarukia kwenye ndoo. Sasa yule dogo wa kwenye tofali anatumia bomba la makopo mawili, kilo ishirini na kitu, na kifua chake kina nguvu kuliko hicho chuma, akitaka anaweza kukinyanyua hata mara 30, ila anashusha kwenye ya kumi kwa sababu mtu alimwambia seti ni kumi. Kwake yeye kumi ni pasha moto misuli. Nilimwambia ana njia mbili, ahamie kwenye ndoo, au abaki na makopo ila aende nayo mpaka zile zinazopanda kwa shida, ishirini na tano, ishirini na nane, mpaka akaribie kabisa kugoma. Na njia ya pili sio ya kinyonge. Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walichapisha utafiti mwaka 2016, wanaume 49 wazoefu, wiki 12, kundi moja linapiga mara 20 mpaka 25 kwa chuma chepesi na jingine 8 mpaka 12 kwa kizito, wote mpaka mwisho, misuli ikakua sawasawa. Uzito mdogo unalipa, ila bei yake ni lazima uusogeze karibu na ukuta, yaani pale unapogoma.

Alafu usidhani huyo dogo yuko peke yake kwenye kujidanganya. Kuna utafiti mwingine walikusanya wanaume 160 wanaofanya mazoezi, wakawaambia chagua uzito ambao huwa unautumia kwa mara 10 kwenye benchi, wakishachagua wakaambiwa haya piga mpaka ushindwe. Wastani ulitoka 16. Yaani watu wazima wenye uzoefu, siku zote wanadhani wanakaribia mwisho kumbe wana akiba ya sita mfukoni. Ndo maana mimi kwa mtu asiyejua ukuta wake uko wapi nasema agome kwanza, mara chache, kwa zoezi salama, ajue inavyokuwa, kasi ya chuma inavyoshuka, ile ya mwisho kabla ya kugoma inavyochukua sekunde tatu nne nzima kupanda wakati ya kwanza ilipanda kwa sekunde moja. Akishaijua hiyo hali mwilini ndo anaweza kusema "hapa nimebakiza mbili" na iwe kweli.

Tuje kwa yule wa kwanza, anayegoma kila seti. Yeye anatumia ndoo, chuma kizito kwake, na nilikaa nikamhesabia. Seti ya kwanza kapiga 11 kagoma, ya pili 7 kagoma, ya tatu 5, ya nne 4. Jumla 27. Siku nyingine nikamwambia ya kwanza aishie 9 hata kama anahisi ana mbili, akapiga 9, 9, 8, 7, jumla 33, na uzito ni ule ule wa siku ile. Kugoma kwenye seti ya kwanza kunakula seti zinazofuata, na mwisho wa siku kifua kimebeba mzigo mdogo kuliko ambavyo kingeweza, alafu yeye anaondoka anaamini kajituma kuliko wote.

Na je, anachokosa kwa kuacha hizo mbili ni nini? Kidogo sana. Utafiti wa Refalo na wenzake wa mwaka 2024 ulichukua watu 18 wazoefu, kila mtu mguu wake mmoja unapigishwa mpaka kugoma na mwingine unabakiza akiba ya 1 au 2, wiki 8, mwisho wakapima paja, miguu yote imekua kwa kiasi kile kile. Mwaka huo huo 2024 jarida la Sports Medicine likatoa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kwa pamoja, na picha iliyotoka ni kwamba unene wa misuli unaongezeka kadri unavyosogea karibu na kugoma, ila nguvu, ile ya kunyanyua uzito mkubwa, haijali kabisa umekaribia kiasi gani. Kwa hiyo anayetafuta nguvu akipiga mara tatu nne za uhakika akashusha hajakosea, na anayetafuta mwili awe jirani na ukuta, kuugusa sio lazima.

Sasa gharama. Mwaka 2017 huko Hispania walipima mwili unavyorudi kwenye hali yake baada ya mazoezi, watu wale wale, jumla ya mara 30, siku moja wanapiga seti 3 za 10 mpaka kugoma, siku nyingine seti 6 za 5 wanaishia nusu ya uwezo. Kazi ni ile ile kwa hesabu, ila waliogoma mwili ulichelewa kurudi kwenye hali yake kwa saa 24 mpaka 48 zaidi. Saa 48 kwa mtu anayekaa ofisini ni kitu kidogo, ila huyu dogo anapiga chuma saa kumi na moja jioni, saa moja usiku yuko kwenye mtumbwi, anawasha taa, anasubiri dagaa wakusanyike, anavuta nyavu mara tatu nne mpaka kunakucha, anarudi mwaloni anapakua, analala masaa matatu manne ya mchana kwenye nyumba ya bati yenye joto. Kesho yake anagoma tena. Mwili wake haujawahi kumaliza kurudi hata siku moja kwa miezi mitatu, na misuli inajengwa wakati wa kupumzika, hiyo kila mtu anaijua ila ni wachache wanaoiheshimu. Nilipomuuliza anakula nini akasema ugali wa muhogo, mboga kidogo, samaki wanauzwa. Hapo nilikasirika kweli. Muhogo una nguvu ya kukupeleka ziwani ila hauna cha kujengea misuli, na yeye kila alfajiri dagaa na migebuka inapita mikononi mwake. Nikamwambia kabla hujaniuliza tena habari ya kugoma, bakiza migebuka miwili ya kwako kila siku.

Ila kuna kitu Kigoma tunacho ambacho hakuna programu ya simu itakupangia, nacho ni mwezi. Wavuvi wa taa hawaendi ziwani siku za mbalamwezi maana mwanga wa taa hausaidii kitu mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo kila mwezi wana kama wiki nzima ya kulala usiku kama watu wengine. Tukapanga hivi, wakati wa giza, siku za kazi, anapiga mara mbili kwa wiki, chuma kizito, anabakiza akiba ya mbili mpaka tatu kwenye kila seti, hagusi ukuta kabisa. Mbalamwezi ikija anapiga mara nne, na seti ya mwisho ya kila zoezi dogo ndo anaruhusiwa kwenda mpaka mwisho. Sioni mpangilio mwingine unaomfaa mtu wa ziwa kuliko huo. Ile 2024 serikali ilipolifunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, vijiwe vilijaa, watu walikuwa na muda wakawa wanagoma kila siku kwa sababu usiku wanalala, na wengi walipata miili kweli, ziwa lilipofunguliwa wakaendelea na mtindo ule ule huku wamerudi kwenye nyavu, na ndo huko mabega yalianza kuuma. Mazoezi hayakubadilika, maisha ndo yalibadilika.

Nimesema zoezi dogo kwa makusudi. Kuna mazoezi ya kugoma na mazoezi ya kutogoma. Pushapu ukigoma unalala kifuani, yameisha. Mkono kwa dambeli ukigoma unashusha. Benchi na skwati ni habari nyingine, na hapa nasema kwa kilichonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napiga benchi peke yangu mchana, kijiweni hakuna mtu, bomba la ndoo mbili za lita 10, nikaona naweza moja zaidi. Haikupanda. Kwenye jimu yenye vyuma vya kuchomeka, kama hukufunga zile kufuli za pembeni unaweza kuinamisha upande mmoja sahani zikamwagika ukatoka, ila ndoo ya zege imegandana na bomba, haitoki, nilibaki na kilo hamsini juu ya mbavu napumua kwa shida, nikaanza kuliviringisha bomba taratibu kutoka kifuani kuja tumboni, tumboni ndo pabaya zaidi, mpaka likafika kwenye nyonga nikaweza kukaa. Nilikuwa na michubuko wiki mbili. Toka siku hiyo benchi ya peke yangu naishia nikiwa na uhakika wa mbili, na kama nataka kugoma kifua namalizia na pushapu. Skwati vile vile, kwa vifaa vyetu visivyo na vyuma vya kudaka mzigo, hakuna mtu ninayemruhusu agome na ndoo za lita 20 shingoni.

Wenye presha mnisikilize hapa. Mwaka 1985 hapo hapo McMaster waliwapima watu wa kujenga mwili kwa kuweka kipimo ndani ya mshipa wenyewe wakati wanasukuma mzigo kwa miguu yote miwili mpaka mwisho, wastani wa presha ulifika 320 kwa 250, na mmoja alivuka 480 kwa 350. Ya kawaida ni 120 kwa 80. Inapanda hivyo kwa sababu misuli mikubwa imebana mishipa na mtu kabana pumzi, na pumzi unaibana zaidi kadri unavyokaribia kugoma. Kijana mzima mishipa yake inavumilia hizo sekunde chache. Ila kuna mzee anatokea Ujiji kuja kufanya mazoezi na sisi, anameza dawa za presha, nilimwambia "Mzee wangu, wewe chuma chepesi, toa pumzi kila unaposukuma, ukiona kasi inashuka tu weka chini," na aongee na daktari wake kwanza, hilo halina mjadala.

Na mgeni kabisa, au aliyekaa miezi bila kugusa chuma, asije siku ya kwanza akagoma seti kumi kwa sababu wenzake wanamshangilia. Misuli isiyozoea ikiumizwa kupita kiasi inapasuka na vilivyomo ndani vinaingia kwenye damu vinakwenda kuziba figo, dalili yake ni misuli imevimba na kukaza, maumivu yasiyo ya kawaida, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Ukiona huo mkojo usinywe maji ukalala ukisubiri, nenda hospitali muda huo huo. Wiki tatu nne za mwanzo mgeni anakua hata akiishia mbali na ukuta, basi aishie mbali.

Wale madogo wawili bado wanakuja. Wa kwenye tofali kahamia ndoo, na siku aliyojipima kwa mara ya kwanza alipiga 8 tu akagoma, akabaki kakodoa macho maana hakuwahi kukutana na hiyo hali, nilifurahi sana kwa ajili yake. Mvuvi yeye kaanza kuandika namba zake ukutani kwa mkaa, juzi kaandika 9, 9, 9, 8, na akashusha ya mwisho akiwa na moja. Mbalamwezi inaanza wiki ijayo, ndo tutaipiga ile seti ya mpaka mwisho tuone inatoka ngapi, na mimi nitakuwa nimesimama kichwani kwake mikono iko chini ya bomba.